Tausi wa Mke Wangu

Siku mke wangu alipoleta mayai ya tausi nyumbani, nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, lakini nilicheka sana, na binti yetu akacheka pamoja nami. Mke wangu alisimama katikati ya parseli yetu, kiwanja chetu pale Kimanga, Uvira, kopo la maziwa ya unga mikononi, akitungoja tumalize.

Alikuwa anatoka Bujumbura. Mara mbili kwa mwezi alivuka mpaka na madumu ya mawese, akawapelekea wateja aliowazoea. Mmoja wao alikuwa mpishi katika nyumba ya mtu mwenye mali, nyumba yenye bustani na tausi wawili, dume na jike. Yule jike alikuwa ametaga nyuma ya tangi la maji na hakutaka kuatamia. Mpishi akaona haya kuyakaanga mayai, akampa mke wangu manne. Yeye akayapanga ndani ya lile kopo, akayazungushia pumba za mchele, akapita nayo mpakani akiwa amelipakata kama mtoto.

"Hii iko mayai ya nini?" nilimuuliza.

"Ya tausi."

"Tausi! Hapa kwetu? Ile iko ndege ya bakubwa, mama. Itakula nini?"

"Itakula chenye tunakula," akasema. "Weye cheka tu. Siku itafungua mukia yake hapa mu parseli, utaita batu bote ya Kimanga bakuje kuona."

Kwa nini alimtaka tausi, sikumuuliza. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimezoea kwamba mambo yake anayajua mwenyewe. Hadi leo sijui.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Natengeneza milango, madirisha, mageti. Atelie yangu iko kando ya barabara, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Kuku walikuwa wa mke wangu. Alikuwa nao tisa, katika banda la mbao alilolijenga mwenyewe pembeni mwa jiko tangu binti yetu yuko darasa la kwanza. Mimi niliwajua kwenye sahani tu. Watoto wetu wawili wakubwa walikuwa wameshahamia Kalemie na familia zao, kwa hiyo tulibaki watatu: mke wangu, mimi, na huyu binti wa mwisho, ambaye mwaka ule alikuwa anamaliza mwaka wa tano wa sekondari.

Mayai aliyaweka chini ya kuku mwekundu mwenye shingo tupu, ambaye alikuwa ndio kwanza ameanza kuatamia. Mayai ya kuku yule aliyatoa yote, tukayala. Kila asubuhi alichukua kipande cha makaa na kupiga mstari mmoja kwenye ubao wa mlango wa banda. "Kuku iko na siku makumi mbili na moja," alimweleza binti yetu, "lakini tausi inataka makumi mbili na nane. Ile siku ingine saba ndiyo tutachunga sana, kuku asichoke."

Mimi aliniomba kitu kimoja tu. Alitaka nimjengee, mahali pa banda lake, kizimba cha vyuma chenye wavu, kwa sababu paka wa mtaani walikuwa wanapita juu ya ukuta na banda lile la mbao lilikuwa limeoza chini. Nilisema sawa. Wiki iliyofuata akanikumbusha, nikasema keshokutwa. Nilikuwa na geti la mtu wa Kalundu, na vyuma vilivyokuwepo vilikuwa vyake. Mara ya tatu hakuomba tena. Alisema tu, akiwa anapepeta mchele, "Vifaranga vitatoka, na kizimba haiko."

Siku hizo pia alikuwa analalamika kichwa. Alikuwa na ugonjwa wa presha, na dawa zake zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Nilimwambia anywe maji, alale mapema. Sikuinuka kutazama kama ndani ya mfuko mlikuwa bado na kitu.

Ubao ulikuwa na mistari kumi na saba siku alipoanguka. Nilikuwa atelie, miwani myeusi usoni, nachomelea bawaba, na jirani yetu alisimama mbele yangu akinipungia mikono. Kwa sababu ya kelele ya mashine sikumsikia. Nilidhani ananikataza kuchoma kwa ajili ya cheche. Nilipozima mashine ndipo nikasikia anasema, "Mama ameanguka penye kufulia." Tulimpeleka hospitalini kwa pikipiki, mimi nimemshika kwa nyuma, kichwa chake begani mwangu. Hakuzungumza tena. Aliishi siku mbili.

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Baraka na kushika nyumba. Watu walijaa, wa kanisani, wa sokoni, wateja wake wa mawese. Viti vya kukodi vilipangwa hadi barabarani. Siku ya pili baada ya mazishi wageni walikuwa bado wengi na kitoweo kilikuwa kimekwisha, dada yangu akaamuru kuku wakamatwe. Mchana ule akaniletea mwenyewe sahani, bugali na paja la kuku, na sombe ya majani ya muhogo pembeni. Sikuwa na njaa. Akachuchumaa mbele yangu, akaninawisha mikono kama mtoto.

"Kula, ndugu yangu. Weye ukianguka, ule mutoto atabaki na nani?"

Nikala. Nilimaliza sahani yote, na nakumbuka kwamba nyama ile ilikuwa tamu.

Jua la Uvira linaingia mapema nyuma ya milima. Kivuli kinashuka juu ya mji wakati ziwa bado linang'aa. Kivuli kilikuwa kimeshafika kwetu binti yangu alipokuja kunigusa bega. Tangu mazishi hakuwa amesema nami zaidi ya maneno mawili matatu.

"Papa," alisema, "kuku ya mayai haiko."

Sikumwelewa.

"Ile ya mama. Ya tausi. Wameipika."

Tulikwenda bandani pamoja. Mlango ulikuwa wazi. Kiota kilikuwa palepale, manyoya mekundu machache yamenasa kwenye majani, na mayai manne yamelala yamegusana. Nilinyoosha mkono nikayashika. Hayakuwa baridi. Bati la banda lilikuwa limeota jua mchana kutwa na joto lilikuwa bado limo humo ndani, joto hafifu, kama la kikombe kilichonywewa chai. Dada yangu alikuja nyuma yetu, akaona, akaelewa bila kuambiwa.

"Minye sikujua," alisema. "Zile zingine zilikimbia. Hii ilikuwa imekaa tu, haikukimbia." Kisha akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti kubwa, na wanawake wa jikoni wakadhani analilia maiti, wakamwitikia.

Sijui ni nani kati yetu aliyeamua. Nadhani hatukuamua. Binti yangu alileta katoni ya sabuni na kitenge cha mama yake, kile cha kijani alichovaa siku za kazi. Mimi nilijaza maji ya moto kwenye chupa nne za plastiki, nikazifunga kwa vitambaa ili zisiunguze. Tukayaweka mayai katikati, tukafunika. Chupa zikipoa tunabadilisha. Zilikuwa zimebaki siku sita kwa hesabu ya makaa, na tuliendelea kupiga mistari. Wageni waliondoka, viti vikarudishwa, dada yangu akarudi Baraka, na sisi wawili tukabaki tunachemsha maji. Tulipokezana usiku na mchana. Tulikuwa tunaongea habari za chupa tu. "Hii imepoa." "Geuza ile ya kushoto." "Makaa iko inaisha." Lakini tulikuwa tunaongea.

Siku ya ishirini na nane ilipita kimya. Ya ishirini na tisa pia. Nikafikiri moyoni kwamba tumekaa tukiatamia mawe. Siku ya thelathini, asubuhi, binti yangu alikuwa ameweka sikio juu ya katoni. Akainua mkono ninyamaze, ingawa sikuwa nasema kitu.

"Moja iko inalia," alisema.

Lilikuwa yai moja tu. Mengine matatu hayakupasuka. Lile moja lilichukua siku nzima, ufa mdogo, kisha tundu, kisha kupumzika kwa muda mrefu hadi tukaogopa, kisha ganda likagawanyika na kikatoka kitu kilicholowa, chenye miguu mirefu kupita kiasi. Alipokauka alikuwa na rangi ya majani makavu, na mabawani tayari alikuwa na manyoya ya kweli. Binti yangu alimweka kwenye kiganja. Alikuwa anatetemeka.

Tabu yetu ya kwanza ilikuwa kumlisha. Kifaranga wa kuku anadonoa siku hiyohiyo. Huyu alisimama mbele ya chenga za mchele akatutazama. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Binti yangu akaanza kulia kimyakimya akiwa amechuchumaa juu yake.

Siku hiyo ndipo alipokuja mama mkwe wangu. Anaishi Nyakabere, kule bondeni, analima mpunga na muhogo. Alikuwa amerudi shambani baada ya mazishi kwa sababu maji ya mifereji hayamngoji mtu, naye alikuwa amekuja sasa kuchukua nguo za mwanawe, kama desturi. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hakai karibu nami, hanitazami usoni, na akiwa na neno langu analipitisha kwa mjukuu wake, hata kama mimi nimekaa palepale nasikia.

Alimtazama kifaranga kwa muda mrefu.

"Iko nini hii?"

"Ni tausi, tate," binti yangu akajibu. Tate ndivyo tunavyomwita bibi. "Ni ya mama."

Bibi akachuchumaa karibu naye. Kisha akasema, "Ambia papa yako, hii iko kama kanga ya pori. Haikule kitu yenye imekufa. Inataka kuona chakula iko inatembea. Na mama yake anaipatia na mudomo, haiweke chini."

Nilichukua jembe nikapanda mteremko nyuma ya nyumba za mwisho, pale mlima unapoanzia, nikapasua kichuguu. Nilirudi na mchwa weupe katika kopo. Bibi alimshika mchwa mmoja kwa ncha za vidole, akamchezesha mbele ya mdomo wa kifaranga. Kifaranga akageuza kichwa, jicho moja kwanza, kisha lingine. Akadonoa. Mama mkwe wangu akashika mwingine. Alimlisha hivyo hadi kopo likabaki udongo. Nguo za mwanawe alizichukua jioni bila kuzifungua kuzitazama, akaondoka na gari la mwisho la kwenda bondeni.

Baada ya hapo alikula. Mchwa, yai la kuchemsha lililosagwa, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakavu tuliowatwanga hadi wakawa unga, lengalenga, yaani mchicha, zilizokatwa ndogo sana. Wiki ya kwanza haijaisha akaruka kutoka kwenye katoni hadi ukingo wa meza. Tukajua kwamba nyumba haitamtosha, na paka walikuwa wanapita.

Nilijenga kizimba kwa siku mbili. Nilifunga atelie, nikatumia vyuma vya mteja, nikamwambia asubiri. Ni kazi nzuri kuliko geti lolote nililowahi kutengeneza: nondo zimepangwa sawa, wavu umekazwa kila pembe, mlango una bawaba mbili na komeo lisilofunguliwa na paka, na ndani kuna vijiti vya kulalia vya urefu tofauti. Nilivunja banda la mbao, lililobaki tupu tangu msiba, nikakiweka kizimba mahali pake, pembeni mwa jiko. Nilitaka kiwe palepale alipotaka yeye. Nilipomaliza kukipaka rangi nilimwita binti yangu aje aone. Alikuja, akakizunguka, akashika komeo, akalifungua na kulifunga.

"Siku mbili," alisema.

Nilikuwa nafuta rangi vidoleni.

"Umefanya hii kwa siku mbili, papa. Mama alikuomba wiki mbili nzima."

Nilitaka kumwambia habari za geti la Kalundu.

"Na dawa yake ya presha ilikuwa imeisha," aliendelea, bila kupandisha sauti. "Minye nilijua. Aliniambia nisikuambie, juu uko na mawazo ya kazi. Minye nilijua na nikanyamaza. Weye haukujua, haukuuliza."

Akaingia ndani. Niliketi chini, mgongo kwenye chuma chenye rangi mbichi, na shati lile hadi leo lina mistari ya kijani.

Sikumwomba msamaha siku ile wala iliyofuata. Sisi wanaume wa umri wangu hatukufundishwa tumwambie nini mtoto anaposema kweli. Nilichofanya ni kuamka kila siku kabla yake na kupanda mteremko kutafuta mchwa, na nikirudi namkuta ameshachemsha yai, ameweka na chai yangu pembeni. Likizo ile tulimlea tausi hivyo.

Tausi alimpenda yeye. Alimfuata jikoni, bombani, hadi chooni, akilia kwa sauti nyembamba kama akimkosa. Binti yangu akisoma, alilala begani kwake, kichwa ndani ya nywele. Mimi alinivumilia. Lakini nilipotoka kazini alasiri na kukaa kwenye kigogo karibu na kizimba, aliruka akakaa gotini kwangu, akavuta vifungo vya shati kimoja kimoja akidhani ni chakula. Nikaanza kumweleza habari. Nilimwambia fulani amelipia dirisha, fulani amefiwa, mvua zitawahi mwaka huu. Ni habari nilizokuwa nikimweleza mke wangu saa ileile, na yeye vilevile alikuwa anaendelea na kazi zake bila kunijibu.

Kishungi kilimwota mwezi wake wa pili, nywele chache zilizosimama kichwani kama sindano. Mwezi wake wa nne, asubuhi moja, binti yangu alinipigia kelele kutoka uani kabla hajaenda shule. Nilitoka mbio nikidhani ni nyoka. Alikuwa amemshika tausi kwenye mwanga, ameinua shingo yake kwa kidole. Katikati ya manyoya ya kahawia palikuwa na mawili, labda matatu, ya buluu. Ilikuwa buluu ya chuma ninapokichoma kikapoa.

"Iko mwanaume," alisema. "Papa, iko mwanaume! Itakuwa na mukia!"

Alicheka. Tangu mama yake afe nilikuwa sijamsikia akicheka, na nilibaki nimesimama pale na mswaki mdomoni.

Mvua zilianza kwa nguvu. Udongo wa parseli yetu haukauki ukishalowa. Maji yanashuka kutoka mlimani na kutuama pale pembeni mwa jiko. Nilimtandikia tausi maganda ya mpunga, nikaezeka kizimba bati jipya. Nilidhani baridi ndiyo adui. Alipoacha kuruka gotini nikasema ni baridi. Mabawa yalipoanza kuning'inia nikasema ni baridi. Kisha binti yangu akanionyesha kinyesi chake kwenye maganda. Kilikuwa cha manjano, manjano ya kung'aa.

Nilimtafuta mama mmoja fundi wa mifugo, anayetibu ng'ombe na mbuzi wa bondeni. Alikuja na buti zake, akamwinua tausi, akamminya tumbo taratibu, akatazama kinyesi. Hakuangalia dawa kwanza. Aliangalia kizimba, akaangalia chini.

"Hapa zamani kulikuwa nini?"

"Banda ya kuku," nilisema.

"Miaka ngapi?"

"Karibu kumi na mbili."

Akatikisa kichwa. Alinieleza kwa upole, na nilielewa kila neno. Kuku wana minyoo midogo tumboni, na mayai ya minyoo ile yanakaa ardhini miaka hata kama kuku hawapo. Ndani yake mna ugonjwa ambao kuku wanauvumilia, lakini tausi na dendo, yaani bata mzinga, unawala ini. Mvua inaupandisha juu. Ningemweka upande wa pili wa parseli, karibu na lango, kwenye udongo ambao kuku hawakulala, labda hangeugua.

"Mahali hapa ndipo mama watoto alipopataka," nilisema. Nilijisikia nikijitetea kama mtu mbele ya hakimu.

"Naelewa, papa," akajibu. Akatupatia vidonge, akatuonyesha namna ya kuvisaga na kumdondoshea mdomoni. Aliahidi kurudi Jumatatu.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na alisikia yote. Nilingoja aseme. Nilikuwa nimeshajiandaa, na kwa kweli nilitamani aseme, kwa sababu safari hii nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kwamba ana haki. Alikuja akamchukua tausi mikononi mwangu, akaniambia, "Leta maji ya vuguvugu, tumupe dawa."

Alikufa Jumapili, baada ya misa, mchana mweupe. Asubuhi alikuwa amekula ndagala kidogo, tukajipa moyo. Tuliporudi kanisani alikuwa amelala ubavu. Binti yangu alimpakata akiwa bado na gauni lake la kanisani, mimi nikakaa kwenye kigogo. Tausi alinyoosha miguu ile mirefu mara mbili. Tulikaa hivyo muda mrefu baada ya kwisha, hadi jirani akaja kuazima chumvi, akatuona, akarudi bila kuomba.

Nilichimba mwenyewe. Nikiwa ndani ya shimo, jembe mkononi, ndipo machozi yaliponitoka. Sikulia kaburini kwa mke wangu; nilikuwa nashika mkono wa kila mtu na kumshukuru kwa kuja. Sasa nililia kama mtu anayetapika, nimeegemea mpini. Binti yangu akashuka akasimama kando yangu, matope yakimpanda viatu.

"Nisamehe," nilimwambia. "Kwa kizimba. Kwa dawa. Kwa vyote."

"Shiye wawili, papa," alisema. "Shiye wawili."

Alimfunga tausi katika kile kitenge cha kijani. Nilimuuliza kama hataki kukihifadhi, ni cha mama yake. Alisema hapana, na tukafukia.

Wiki iliyofuata tulikwenda Nyakabere. Ilibidi tumwambie bibi, kwa sababu kila aliyetoka bondeni alikuwa analeta salamu zake na kuuliza kama ndege anakula. Tulimkuta anaanika muhogo juu ya bati mbele ya nyumba. Alituletea viti, chake akakiweka mbali na changu, ametazama upande wa barabara. Binti yangu ndiye aliyemwambia. Bibi alisikiliza huku anageuza vipande vya muhogo, kimoja baada ya kingine.

"Ile siku ilikufa," akauliza, "ilikuwa imekula?"

"Ndiyo, tate. Asubuhi. Ndagala kidogo."

"Eeh," alisema. "Basi haikuenda na njaa."

Alifika mwisho wa bati, akajifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa bado ametazama barabara.

"Uliza papa yako," alisema, "ile siku mama yako alianguka, alikuwa amekula?"

Katika miezi yote ile hakuna mtu aliyeniuliza hivyo, na sikuwa najua. Siku ile nilitoka nyumbani mapema, geti lilikuwa linatakiwa, na mke wangu alikuwa ameinama kwenye banda na kipande chake cha makaa. Nilisema nakwenda, akasema haya. Kama baadaye alikaa akanywa chai, au kama alikwenda moja kwa moja kufua na tumbo tupu, sijui. Nilitazama mikono yangu.

Binti yangu hakunigeukia kuniuliza.

"Alikula, tate," alisema. "Alikunywa chai ya maziwa, na kiazi tamu mbili. Nilimwona. Alisema viazi ya mwaka huu iko mizuri."

Siku ile binti yangu alikuwa ameshakwenda shule kabla mimi sijaamka. Alikuwa na mtihani.

Bibi alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Kisha akainuka kwenda kututafutia chakula, na sisi wawili tukabaki tumekaa mbele ya muhogo, na mimi sikumsahihisha.